Waya Mweupe wa Tela la Vitunguu

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, askari wa trafiki alinyoosha mkono pale barabara ya vumbi ya kutoka Kilosa inapoikuta lami ya Mikumi, na Laurenti akafunga breki. Saa hiyo niliiandika palepale, maana daftari lilikuwa wazi magotini pangu tangu tulipoondoka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimekaa kiti cha utingo katika lori linalovuta tela, lori na tela vyote vimejaa vitunguu vya Lumuma vinavyokwenda Ifakara, na nilikuwa nimekuja kupaona kwa macho yangu mahali ambapo taa za tela lile zilikuwa zinafia. Kwa miezi miwili nilikuwa nazitengeneza Kilosa zikiwaka vizuri, na kwa miezi miwili zilikuwa zinafika Mikumi zimekufa.

"Shuka, fundi," Laurenti aliniambia huku akizima injini. "Wenyeji wetu hao."

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kwenye arobaini ya Mzee Sefu, mtu aliyenipa spana ya kwanza, na nilipokuwa nimekaa mkekani nikisikiliza watu wakizungumzia bei ya mpunga na mto uliokula tena kingo zake, saa ile ilinirudia kama ilivyoandikwa. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mikumi kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijasoma chuo chochote. Ninachokijua nimekitoa kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari vilivyokwisha majalada, kwenye magari ya watu, na kwenye mazoea ya kuandika nilichokiona kabla ya kuandika ninachokidhani. Mazoea hayo niliyapata mwaka ule mmoja niliofanya kazi kwa Mzee Sefu, na ni mwaka huohuo nilioipoteza nafasi yangu kwake. Nimesimulia mara nyingi jinsi nilivyolipata tatizo la tela lile. Jinsi nilivyoondoka sijawahi kuisimulia kwa utaratibu.

Gereji ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli, kwenye kiwanja kilichoinama kuelekea mtoni. Magari yaliingia kwa geti la chini na kutoka kwa geti la juu, kwa hiyo lori lililokuja kutengenezwa lilisimama limetazama juu, na kama lilikuwa na tela, tela lilining'inia nyuma yake kwenye mteremko na magurudumu ya lori yakawekewa mawe. Hiyo ilikuwa hali ya kiwanja, na hakuna aliyeitilia maanani, mimi nikiwa wa kwanza kutoitilia. Tulikuwa mafundi wanne. Mzee Sefu alikuwa amefanya kazi ujanani katika karakana ya reli, na alituongoza kwa namna alivyoongozwa huko: kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani, na kila mtu alifika kabla ya saa moja. Shikamoo ilitolewa kwa kusimama wima, hata kama ulikuwa chini ya gari; unatoka kwanza, unajifuta mikono, ndipo unaamkia. Alikuwa na msemo wake wa kazi aliourudia akiwa amegonga chesisi kwa ngumi: "Chuma chote hiki ni waya. Kwa nini ununue mwingine?"

Nyuma ya gereji kulikuwa na chumba. Kilikuwa na benchi la mbao, chaja ya betri iliyovuma mchana kutwa, harufu ya asidi, na dirisha dogo lililotazama reli. Saa saba kasoro, Zuhura, binti wa mzee, alileta sinia la ugali lenye bakuli la bamia na perege katikati, na sote tulikaa kulizunguka, mzee akiwa amepakana nasi mabega. Hapo ndipo mambo ya kazi yaliposemwa. Mzee alimega tonge, akauliza pasipo kumtazama mtu, "Nani alifunga ile pampu ya maji?" Mtu akajibu, "Mimi, mzee." Mzee akasema, "Kula kwanza." Baada ya matonge mawili matatu akamweleza alipokosea, na mwenzetu mmoja akatia utani, "Pampu ilivuja kumzidi yeye anavyotoka jasho," tukacheka, likaisha. Nje, mbele ya wateja, hapakuwa na fundi aliyekosea. Kulikuwa na gereji tu. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni sheria. Niliiona kila siku na sikuiandika.

Tela lilikuwa la Mama Neema, mama wa makamo aliyenunua vitunguu Lumuma kwa magunia na kuvipeleka kusini kabla havijaanza kuchipua. Dereva wake, Laurenti, alikuwa mtu wa mizaha ambaye hata habari mbaya aliileta kama kichekesho. Mara ya kwanza alirudi akasema trafiki wa Mikumi amempiga faini kwa sababu taa za tela hazieleweki. "Nikikanyaga breki indiketa zinawaka. Nikiwasha indiketa zote zinanikonyeza. Nadhani zinanitaka." Nilibadilisha globu zote. Kiwanjani ziliwaka vizuri. Wiki iliyofuata faini ya pili. Nilibadilisha plagi na soketi vinavyounganisha nyaya za lori na za tela. Ziliwaka vizuri. Faini ya tatu. Safari hiyo nilifungua kila kiungo nilichokifikia, nikakisugua kwa msasa, nikakifunga tepu mpya. Ziliwaka vizuri mno. Ziliporudi zimekufa tena, na faini ya nne, Mama Neema alikuja mwenyewe, akasimama getini akiwa ameshika pochi kwapani.

"Mwanangu, wewe unatengeneza au unazibembeleza?" aliniuliza.

Kisha akamgeukia mzee na kumwambia kwa heshima kwamba safari ijayo ikiwa hivi, matela yake yote matatu atayapeleka Morogoro. Mzee alimsindikiza hadi barabarani. Mchana ule, kwenye sinia, alinisubiri nimalize tonge langu. "Kijana, kazi ya taa nimekuachia wewe. Likirudi tena halijapona, wewe na spana zangu basi." Hakusema kwa hasira. Aliendelea kula, na mimi nikaendelea kula, ila sikumbuki bamia zile zilikuwa na chumvi au hazikuwa nayo.

Jioni hiyo niliandika kwenye daftari kila tulichokifanya, na mbele ya kila jambo nikaandika mahali. Safu yote ilikuwa na neno moja: Kilosa, Kilosa, Kilosa. Tatizo lilikuwa Mikumi na mimi nilikuwa nalitafuta Kilosa kwa sababu ndiko vilikokuwa vifaa vyangu. Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikachukua waya mrefu, tupa, koleo, na kipimo changu, ambacho kilikuwa globu ndogo iliyounganishwa nyaya mbili, nikapanda na Laurenti.

Trafiki alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu. Alimwamuru Laurenti akanyage breki, akaenda nyuma ya tela, akaweka kiganja juu ya taa kuzuia jua.

"Njoo utazame. Umekanyaga breki, inayowaka ni indiketa. Hili tela lina harusi?"

"Lina bwana harusi, afande," Laurenti alipaza sauti kutoka dirishani. "Bibi harusi ndiye tunayemtafuta."

"Utamtafutia hapo pembeni. Lori la Zambia likikuingia kwa nyuma kwa sababu halijui umefunga breki, hutacheka."

"Leo nimekuja na fundi."

Alinitazama kuanzia ndala mpaka kichwani. "Huyu?"

"Huyuhuyu, afande."

"Mpaka saa sita kamili. Baada ya hapo naandika, na tela linabaki hapa na vitunguu vyake."

Nilikuwa na dakika thelathini na nane. Swali la kwanza daftarini lilikuwa: umeme unafika? Nilimwomba Laurenti aendelee kukanyaga breki. Nikagusa waya wa taa ya breki nyuma kabisa ya tela kwa mguu mmoja wa kipimo, na mguu wa pili nikauunganisha kwa waya mrefu hadi kwenye chuma cha lori mbele. Globu iliwaka nyeupe. Kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikauondoa waya mrefu, nikaugusisha mguu ule wa pili kwenye chuma cha tela lenyewe, karibu na taa. Globu ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Nilirudia mara mbili ili nisijidanganye. Umeme ulikuwa unakwenda. Kilichokosekana ni njia ya kurudi. Na umeme usiokuwa na njia ya kurudi hujipenyeza popote, wa breki unapita kwenye globu za indiketa, wa indiketa unapita kwenye za breki. Ndiyo harusi yote aliyokuwa anaiona afande.

Lakini kwa nini Kilosa njia ilikuwepo? Nilisimama kati ya lori na tela nikatazama pale vinapoungana. Mkono wa tela una pete nene ya chuma, na pete hiyo imevaa kwenye ndoano ya lori. Kila Jumatatu kabla ya safari tulikuwa tunaipaka grisi, na hapo ilikuwa imechanganyika na vumbi la njia nzima, nyeusi kama lami.

"Laurenti, washa. Sogea mbele kidogo sana, taratibu."

"Nikivuta?"

"Vuta."

Lori lilivuta, pete ikabanwa kwenye ndoano chuma kwa chuma, na taa zote za nyuma zikawaka kama mpya. Nikamwambia afunge breki. Tela likasukuma kwa mbele, pete ikalegea ikakaa juu ya grisi, na taa zikafa. Afande alikuwa amesogea bila mimi kumwona.

"Rudia," alisema.

Tulirudia. Lilipovuta ziliwaka, lilipofunga breki zilizima. Hapo nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kiwanja chetu cha Kilosa: tela likining'inia kwenye mteremko, pete imebanwa, kila tulichokipima kilikuwa salama. La pili lilikuwa baya zaidi. Tela hilo lilikuwa linaonyesha taa zake barabara nzima isipokuwa pale tu dereva anapofunga breki, yaani wakati pekee ambapo aliye nyuma anazihitaji.

Nilifungua nati moja ya chesisi ya lori na moja ya tela, nikaparua rangi kwa tupa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mrefu kati yao. Saa sita kasoro dakika tisa afande alizikagua mwenyewe, breki, kulia, kushoto, lori likiwa limesimama na pete imelegea. Zote ziliitika.

"Nendeni," alisema. Kisha akaniuliza, "Gereji yako iko wapi?"

"Kilosa, afande."

"Hapa pangekufaa zaidi. Malori ndiyo haya."

Vitunguu vilipokuwa vinashushwa Ifakara nilifungua bomba linalolinda nyaya kwenye mkono wa tela. Ndani yake kulikuwa na waya mweupe, ule wa kurudisha umeme, umekatwa pande zote mbili, ncha zake zimefungwa tepu ya kitambaa na kukazwa kwa uzi. Fundi mmoja tu Kilosa nzima alifunga hivyo. Katikati waya haukuwepo. Ulikuwa umetolewa ukatumike kwingine, kwa kuwa chuma chote kile ni waya. Na lazima niandike hapa jambo ambalo katika masimulizi yangu huwa naliruka: ncha ile ya mbele nilikuwa nimeiona nilipofanya matengenezo ya tatu. Niliujua mkono uliofunga uzi ule, nikaamini kwamba mkono ule haukosei, nikapita. Mama Neema alilipa faini ya nne kwa ajili ya heshima yangu kwa mzee.

Tulirudi Alhamisi. Kiwanjani walikuwepo Mama Neema, wenye malori wawili waliokuja na matela yao, mafundi wenzangu na mzee mwenyewe. Laurenti hakusubiri hata kuzima injini. "Mama, tela limeoa! Afande ametupungia mkono!" Mama Neema alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanishika bega.

"Kumbe ilikuwa nini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kweli. Ningeweza kusema: waya ulikuwa umekatika, mama, tumeurudisha. Ningeyaweka mengine mpaka saa saba kasoro. Lakini nilikuwa nimesafiri siku tatu na daftari, nilikuwa na haki, na wote walikuwa wananitazama.

"Waya wa kurudisha umeme ulikatwa," nilisema. "Mzee aliukata akidhani hauna kazi."

Mzee alichukua tambara akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja.

"Kijana," alisema, "reli inabeba mabehewa mpaka Kigoma, taa zinawaka, na sijaona mtu akilifungia behewa waya mweupe."

"Reli haipakwi grisi, mzee."

Mwenye lori mmoja aliangua kicheko. "Mzee kapatikana leo!" Mwenzake alikuwa ameshainama chini ya tela lake, akipapasa bomba. "Na langu je? Na langu lilikatwa?"

"Sawa," mzee alisema, akalitundika tambara kwenye msumari wake.

Mchana ule Zuhura alileta sinia kama kawaida, na juu ya kiganja cha pili alikuwa na sahani moja iliyofunikwa. Aliiweka kwenye benchi, mbali na sinia.

"Hii ya kwako," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Sijui. Baba kasema fundi mkubwa anakula kwenye sahani yake."

Wenzangu hawakuinua macho. Nilikula nikiwa nimeupa ukuta uso. Siku ya pili ikawa hivyo, na siku ya tatu. Wakati huohuo nilipewa kazi, nilijibiwa shikamoo yangu kwa marahaba kamili, hakuna aliyenitukana. Sahani tu. Siku ya tatu nilimfuata mzee dirishani.

"Mzee, kama ni ule waya, nilichosema ni kweli."

"Sijasema ni uongo."

"Basi nimekosa nini?"

"Chumba hiki kilikuwepo. Kwa nini ulisemea kule?"

"Mama Neema aliuliza, nami nikamjibu."

"Basi nenda kwa Mama Neema," alisema.

Sikuomba radhi. Leo, nikiwa nimewaongoza mafundi vijana wengi, najua kwamba sentensi moja ingetosha, na kwamba ningeweza kuisema bila kubadilisha hata neno moja la ukweli kuhusu waya. Hata hivyo sijutii kuondoka. Niliondoka na daftari na kipimo changu, nikashukia palepale aliponisimamisha afande, na kibanda changu cha kwanza kilikuwa hatua mia kutoka pale wanaposimama trafiki. Kazi ilikuja yenyewe. Ninachokijutia ni kidogo na ninakijua mipaka yake: nilimwambia mtu kosa lake mbele ya watu waliomlipa.

Katika miezi iliyofuata matela ya Kilosa yalianza kupita kwangu. Kila nililolifungua lilikuwa na waya mweupe, mpya, mzima kutoka mbele mpaka nyuma. Nilifurahi sana. Niliamini kwamba madereva wamelieneza neno langu na mafundi wa Kilosa wameniiga, na kwa miaka yote hii nimewaambia vijana wangu hivyo, kwamba jambo likishathibitishwa watu hulifuata.

Kwenye arobaini Zuhura, ambaye sasa ana wajukuu, alikaa karibu nami baada ya dua. Nilimweleza habari ya zile nyaya, kama sifa kwa Kilosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani akuige?" aliuliza. "Zilikuwa za baba. Ulipoondoka tu alianza kuzunguka. Kila Jumapili, kwenye viwanja vya wenye malori, yeye na mimi, mimi nikimshikia koleo. Alisema ni matela aliyoyashika yeye, basi atayafungia yeye. Hakumtoza mtu senti."

"Yalikuwa mangapi?"

"Kumi na moja. Waya alinunua kwa fedha ya mabati ya jiko, ndiyo maana nakumbuka. Mama alinuna mpaka masika yakaisha, tukipika huku tunavujiwa."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia wapi?" alisema Zuhura. "Ulikuwa umeshaondoka."

Nilipofika nyumbani Mikumi nilifungua daftari nikapiga hesabu, kwa bei ya dukani ya mwaka ule, ambayo naikumbuka kwa kuwa na mimi nilinunua. Matela kumi na moja, mita tisa kila moja, mita moja shilingi mia tano. Mzee Sefu alitoa mfukoni mwake shilingi elfu arobaini na tisa na mia tano.